Kemia ya Kodi Yetu, Kufuli la Nani?

Muhula uliopita mwanafunzi wangu wa shahada ya umahiri aliingia ofisini akiwa ameibeba kompyuta yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeleta mgonjwa. Aliniamkia, akakaa, akaifungua mezani.

"Mwalimu, faili limekataa."

Ili msomaji uelewe uzito wa maneno hayo matatu, sharti nieleze yaliyotangulia. Kwa miezi kumi na minne binti huyu alikuwa akifanya kazi juu ya magome ya mizizi ya mjafari, mti ambao waganga wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki wanautumia kutibu homa. Alikausha, akatwanga, akaloweka, akachuja, akatenganisha tone kwa tone, hata akapata unga mweupe usiofika miligramu ishirini. Ili kuujua unga huo ni molekuli gani, inahitajika mashine ya NMR, ambayo hutumia usumaku mkubwa kuusikiliza mwenendo wa viini vya atomu. Mashine iliyokuwa karibu nasi ilikuwa imelala kwa kukosa heliamu ya kuipoza. Sampuli ikapelekwa nje ya nchi. Majibu yalirudi kwa baruapepe: faili la data ghafi lililoandikwa kwa mfumo wa mtengenezaji wa mashine, pamoja na picha ya ukurasa mmoja ambayo vilele vyake vimesongamana kiasi kwamba havihesabiki. Programu ya kulifungua faili hilo ilikuwamo katika kompyuta moja tu ya idara, na leseni yake ilikuwa imekwisha muda. Gharama ya kuihuisha ilizidi fedha zote alizopewa binti huyu kwa utafiti wake.

Aliyetuokoa ni kijana wa mwaka wa tatu kutoka idara ya kompyuta. Alipakua programu huria iitwayo nmrglue, akaandika mistari michache ya maelekezo, na kabla ya adhuhuri faili likafunguka. Hatukulipa hata senti moja.

Laiti mambo yangeishia hapo. Tulipoisoma molekuli na kuanza kutafuta kama kuna aliyeiona kabla yetu, tuliikuta katika tasnifu iliyoandikwa miaka tisa nyuma katika chuo kingine humu humu nchini. Mti ule ule, mkoa ule ule, molekuli ile ile. Tasnifu ilikuwa rafuni, haimo mtandaoni. Michoro yake ilikuwa imetolewa nakala ya nakala hadi vilele vikafifia, na data ghafi hakuna aliyejua ziliko. Binti alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, serikali imeilipia molekuli hii mara mbili?"

Makala haya ni jaribio langu la kulijibu swali hilo, kwa sababu siku ile sikulijibu.

Uhuria ni nini?

Katika mijadala yetu neno "huria" huchukuliwa kuwa na maana ya "bure". Si hivyo. Programu ya bure inaweza kuwa imefungwa: unaitumia leo, kesho mwenyewe akibadili nia unabaki mikono mitupu. Programu huria ni ile ambayo maelekezo yake ya ndani, yaani msimbo ulioandikwa na watengenezaji, yamewekwa hadharani, na leseni yake inamruhusu kila mtu kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Data huria vilevile ni data ambazo mtu mwingine anaweza kuzipata, kuzisoma kwa kompyuta yake, na kuzitumia tena kwa kazi mpya, ili mradi amtaje aliyezikusanya.

Dhana hii si ngeni kwetu. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Hakuna aliyehitaji kumwomba mwenye kampuni ng'ambo akubali kwamba Kiswahili ni lugha yenye faida sokoni. Walioitaka lugha yao walifungua msimbo wakaiweka. Hilo ndilo somo la kwanza: uhuria unampa mnyonge nafasi ya kutenda bila kungoja kibali.

Kemia ilivyofungwa

Wengi hudhani kemia ilizaliwa imefungwa. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani, kulianzishwa mpango wa kubadilishana programu za kemia ya kwanta, uliojulikana kwa kifupi kama QCPE. Mkemia aliyeandika programu aliipeleka huko, na mkemia mwingine aliyeihitaji alitumiwa kwa gharama ndogo. Kwa njia hiyo ilisambaa programu ya Gaussian 70, iliyotoka katika kundi la John Pople, mwanasayansi ambaye mwaka 1998 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya kuiwezesha kompyuta kukokotoa tabia za molekuli.

Baadaye programu hiyo ikawa bidhaa ya kampuni yenye leseni kali. Mwaka 2004 jarida la Nature liliripoti malalamiko ya wanasayansi walionyimwa leseni kwa sababu walihusika na utengenezaji wa programu shindani. Pople mwenyewe, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshirikiana na wengine kuendeleza programu nyingine, aliingia katika orodha ya waliozuiwa. Tulitafakari jambo hili. Mtu aliyepewa Nobel kwa kuijenga nyumba alifungiwa mlango wa nyumba hiyo. Ikiwa hilo lilimpata yeye, mhadhiri wa chuo cha mkoani ana dhamana gani?

Kwenye data hali haikuwa tofauti. Mwaka 2004 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilifungua PubChem, hifadhidata ya molekuli ambayo mtu yeyote duniani anaisoma bila kulipa. Mwaka uliofuata Chama cha Kemia cha Marekani, ambacho kinauza huduma ya orodha ya molekuli kupitia kitengo chake cha CAS, kiliwaendea wabunge kutaka PubChem ibanwe, kwa hoja kwamba serikali inashindana na huduma iliyopo. Chama cha wanasayansi kikapinga maarifa ya sayansi kutolewa bure. Bahati njema, PubChem ilinusurika. Leo ina molekuli zaidi ya milioni 100, na sidhani kama kuna mwanafunzi wa kemia katika ukanda wetu ambaye hajawahi kuitumia.

Mwaka huo huo wa 2005, baadhi ya wakemia waliokutana San Diego walikubaliana kuunganisha juhudi zao chini ya jina la Blue Obelisk. Nguzo zao zilikuwa tatu: data huria, programu huria na viwango huria. Nguzo ya tatu ndiyo isiyosemwa sana, nami naomba niisemee kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyomkwaza mwanafunzi wangu.

Kiwango ni makubaliano ya namna ya kuandika. Molekuli ya ethanoli, kileo kilichomo katika bia, mbege na gongo, inaweza kuandikwa kwa herufi tatu tu: CCO. Kaboni, kaboni, oksijeni. Hidrojeni zinajulikana zilipo. Mtindo huo huitwa SMILES, na kompyuta yoyote inaweza kuusoma. Mwaka 2005 ulitolewa pia utambulisho uitwao InChI, chini ya Muungano wa Kimataifa wa Kemia, ambao unaipa molekuli anuani isiyomilikiwa na kampuni yoyote. Programu huria ya Open Babel inatafsiri zaidi ya mitindo 100 ya mafaili ya kemia kutoka mmoja kwenda mwingine. Mambo haya yanaonekana madogo. Lakini sayansi ambayo haina mwandiko wa pamoja ni sawa na soko ambalo kila muuzaji ana kibaba chake: biashara itafanyika, ila mnunuzi hatajua amepata nini.

Faida si ya nadharia

Wapo watakaosema haya ni mapambano ya Wazungu na kampuni zao, sisi tunahusikaje? Nitatoa mifano mitatu inayotugusa.

Wa kwanza ni kichocho. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, hususan Kanda ya Ziwa na Visiwani. Dawa yake ni prazikwanteli. Kidonge chake cha kawaida kina mchanganyiko wa molekuli mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mmoja unaua minyoo. Wa pili hausaidii, unakifanya kidonge kiwe kikubwa, na unakiongezea uchungu. Mzazi yeyote aliyewahi kumbembeleza mtoto ameze kidonge kikubwa kichungu anajua maana ya jambo hilo.

Mkemia Matthew Todd, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Sydney, akishirikiana na Shirika la Afya Duniani, aliuliza: tunawezaje kuupata mkono mmoja tu kwa gharama nafuu? Badala ya kujifungia, kundi lake liliweka daftari la maabara mtandaoni, pamoja na majaribio yaliyoshindwa. Watu wasiowafahamu wakajitokeza kushauri, wengi wao wakiwa wakemia wa viwandani. Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa: njia rahisi ya kuzitenganisha molekuli hizo ilikuwa imepatikana, na waandishi wakaeleza kwamba uwazi ndio ulioharakisha kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Desemba 2023, Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuikubali dawa ya kichocho ya watoto wadogo, inayotumia ule mkono unaofanya kazi, baada ya majaribio yaliyofanyika Kenya na Côte d'Ivoire. Huo ulikuwa mradi mwingine, wa muungano wa kampuni na taasisi, wala sidai kwamba ulizaliwa na daftari la Sydney. Ninautaja kuonyesha kwamba swali lililoulizwa hadharani lilikuwa swali la kweli, la watoto wa kweli.

Wa pili ni malaria. Mwaka 2010 kampuni ya GSK iliweka hadharani miundo ya molekuli zaidi ya 13,000 zilizoonyesha kuua vimelea vya malaria katika maabara. Mwishoni mwa mwaka 2011 taasisi ya MMV ikaandaa sanduku la molekuli 400 na kuwapelekea watafiti bila malipo, kwa sharti moja: matokeo yawekwe wazi. Kutokana na hazina ya namna hiyo ulianza mradi wa Open Source Malaria. Kanuni zake zinasema data zote ziko wazi, mtu yeyote anaweza kushiriki, na hakutakuwa na hataza. Niwe mkweli: mradi huo haujaleta dawa iliyosajiliwa. Kutengeneza dawa ni safari ndefu hata kwa wenye mabilioni. Lakini umetoa kitu ambacho hatukuwa nacho, yaani darasa ambalo mwanafunzi wa Mbeya au Kisumu anaweza kuona jinsi wakemia wanavyofikiri, wanavyokosea na wanavyojisahihisha.

Wa tatu unachekesha na kuumiza kwa pamoja. Mwaka 2015 kampuni moja ya Marekani iliipandisha bei dawa ya Daraprim kutoka dola 13.50 hadi dola 750 kwa kidonge kimoja. Dawa yenyewe ni pirimethamini, ambayo sisi tunaijua vizuri, kwa sababu ndiyo mshirika mmoja katika SP wanayopewa wajawazito wetu kliniki kuwakinga na malaria. Mwaka 2016 wanafunzi wa sekondari mjini Sydney, wakiongozwa na walimu wao na wanasayansi wa Open Source Malaria, waliitengeneza katika maabara ya shule. Walipata gramu 3.7 kwa takribani dola 20. Kwa kidonge cha miligramu 25, hizo ni vidonge 148, ambavyo kwa bei ya kampuni ile vingefikia dola 111,000. Vijana wale hawakuruhusiwa kuiuza, wala hawakukusudia. Walichokifanya ni kuweka hadharani tofauti iliyopo kati ya gharama ya kemia na gharama ya kufuli.

Mahindi, mpaka na namba

Sasa nirudi nyumbani, maana kemia si dawa tu.

Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilitoa barua ya kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikisema vipimo vimeonyesha sumu kuvuka kiwango salama. Malori yalikwama mpakani. Wabunge walifoka, wachuuzi walilia, mitandao iliwaka. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti, likiwamo cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Ndugu msomaji, katika siku zile wewe uliona nini? Mimi niliona barua, matamko na hasira. Ni wangapi kati yetu tulioviona vipimo vyenyewe? Sampuli ngapi, kutoka ghala gani, msimu gani, kwa njia ipi ya maabara, kwa kiwango gani cha makosa? Suala lilikuwa la kemia, lakini tulilijadili kama suala la uzalendo, kwa sababu uzalendo ndio pekee uliokuwa mezani. Mkulima wa Kibaigwa hakuwa na jedwali la kumtetea, na mlaji wa Nairobi hakuwa na jedwali la kumtuliza.

Hebu tufikirie laiti maabara za umma za nchi za Afrika Mashariki zingekuwa zinaweka matokeo ya sumukuvu mahali pamoja, kwa mwandiko mmoja, kila msimu. Mgogoro usingetoweka, maana biashara ina siasa zake. Lakini tungegombana juu ya namba, na ugomvi juu ya namba una mwisho. Hali ni hiyo hiyo kwa zebaki katika mito ya wachimbaji wadogo, floridi katika visima vya Arusha, na mabaki ya viuatilifu katika nyanya tunazokula. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Nafahamu kwamba kuzungumzia namba hapa nchini kuna historia yake. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa kwa namna iliyofanya kuwa hatari kuchapisha takwimu zinazokinzana na zile rasmi. Mwaka 2019 makali hayo yakapunguzwa. Sheria hubadilika kwa siku moja bungeni, ila hofu haiondoki kwa siku moja. Nimewahi kukaa na watafiti wenye vipimo vya maji vilivyofanywa kwa uangalifu wote, wakaniambia wataviweka kabatini "mpaka hali itulie". Hali ya nini? Maji yanaendelea kunywewa.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la wizi. "Tukiweka wazi molekuli za miti yetu, kampuni za nje zitakuja kuzichukua." Hofu hii ina msingi, nami siidharau. Ila tuitazame historia ya mwarobaini. Idara ya Kilimo ya Marekani pamoja na kampuni ya W.R. Grace walipata hataza Ulaya juu ya matumizi ya mafuta ya mwarobaini kuua kuvu. Hataza hiyo ilipingwa na wanaharakati, Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikaifuta mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005, kwa sababu ulipatikana ushahidi kwamba matumizi hayo yalikwishajulikana India. Kilichowashinda ni ushahidi wa kwamba jambo lilijulikana. Utafiti uliofichwa rafuni haumkingi mtu na mwizi, kwa kuwa hataza huzuiwa na maarifa yaliyokwisha kuwa hadharani, si na yaliyolala kabatini. Mwizi hupenda zaidi mali isiyoandikwa jina.

Hata hivyo nakiri kwamba si kila kitu kiwekwe wazi kwa namna moja. Maarifa ya mganga aliyotuamini nayo ni amana. India ilipotengeneza maktaba yake ya kidijitali ya maarifa ya jadi iliwafungulia kwanza wakaguzi wa hataza, si umma wote. Taarifa za wagonjwa nazo zinalindwa, na kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini kiwango cha kuyeyuka kwa fuwele si siri ya ukoo, wala kilele cha NMR hakina faragha. Tuache kutumia hofu ya machache kuyafungia yote.

Pingamizi la pili ni kwamba cha bure ni dhaifu. Sivyo. RDKit, programu huria ya kuchambua molekuli, inatumiwa na kampuni kubwa za dawa duniani. Quantum ESPRESSO, yenye mizizi Trieste nchini Italia, inatumiwa na watafiti wa kila bara, na wakufunzi wa Afrika wamekuwa wakiifundisha katika shule maalumu zilizoanza Cape Town mwaka 2010, mojawapo ikifanyika Eldoret mwaka 2012. Ni kweli kwamba programu huria inadai ujuzi, umeme na intaneti. Basi fedha tunazolipia leseni kila mwaka tuzielekeze kwenye ujuzi. Leseni huisha muda wake, lakini mtu aliyefundishwa hubaki. Cha kuazima hakistiri matako.

Pingamizi la tatu halisemwi kwenye vikao, husemwa kwenye korido: "Nikiweka data zangu wazi, nitapandaje cheo?" Hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu ni la kweli. Vyuo vyetu humpima mhadhiri kwa makala, si kwa hifadhidata aliyoijenga wala programu aliyoiandika. Mtu aliyekusanya data kwa miaka mitano hapati alama yoyote. Aliyezitumia kwa wiki mbili akaandika makala anapanda daraja. Mfumo wa namna hiyo unafundisha uchoyo, kisha tunawalaumu watu kwa kuwa wachoyo.

Droo yangu

Baada ya swali la binti yule nilirudi nyumbani nikafungua droo. Humo mna diski ya nje yenye data zangu zote za uzamivu: vipimo vya miaka minne, vilivyolipiwa na fedha za umma wa nchi mbili. Niliichomeka kwenye kompyuta. Ilitoa sauti ya kukwaruza, ikanyamaza. Fundi niliyempelekea aliniambia, "Mzee, hii imekufa siku nyingi." Makala niliyochapisha yapo, lakini namba zilizoyazaa hazipo. Mtu akitaka leo kuhakiki nilichokisema, sina cha kumwonyesha isipokuwa heshima yangu, na sayansi haipimwi kwa heshima ya mtu.

Kwa hiyo sisemi kama hakimu. Nasema kama mmoja wa washtakiwa.

Nini kifanyike? Kwa watumishi wa umma mnaosimamia fedha za utafiti: wekeni sharti katika mikataba kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka data ghafi ziwe zimewekwa katika hifadhi ya wazi, kwa mtindo unaosomwa bila leseni ya kampuni, isipokuwa pale ambapo kuna sababu iliyoandikwa ya kuzuia. Nchi zetu zilikuwapo UNESCO ilipopitisha Pendekezo la Sayansi Huria mwezi Novemba 2021. Sharti hili halihitaji sheria mpya, linahitaji ukurasa mmoja katika mkataba.

Kwa mabaraza ya vyuo: ihesabuni hifadhidata na programu katika kupandisha vyeo. Tasnifu isipokelewe ikiwa karatasi tupu. Ije na data zake.

Kwa wanaharakati: mnapodai uwazi wa mikataba ya madini, dai lenu lifike mpaka maabara. Ulizeni vipimo vya maji, na mviulize katika majedwali, si katika taarifa kwa vyombo vya habari.

Kwa wanafunzi: msingoje sera. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na mkemia Fidele Ntie-Kang wa Cameroon walichapisha hifadhidata ya molekuli za asili za Afrika Mashariki, yenye molekuli zaidi ya 1,800 kutoka katika mimea na viumbe takribani 300, wakizikusanya kutoka makala na tasnifu. Wageni na ndugu kutoka Afrika ya Kati wametuandalia orodha ya mali yetu. Kazi tuliyobakiziwa ni kuiongeza. Chukueni tasnifu zilizolala katika maktaba zenu, ombeni ruhusa, ziandikeni upya molekuli zake kwa mwandiko wa SMILES, moja baada ya nyingine. Si kazi ya kupata sifa, lakini ni kazi ya kumzuia mwenzenu asipoteze miezi kumi na minne.

Mwanafunzi wangu alimaliza. Tulibadilisha mwelekeo wa tasnifu yake: badala ya kudai molekuli mpya, alilinganisha kiasi cha molekuli hiyo katika miti ya maeneo mawili, na kazi ikawa nzuri. Data zake zote, pamoja na za majaribio yaliyoshindwa, ziko mtandaoni, wazi kwa yeyote. Wiki iliyopita aliniandikia kwamba mwanafunzi asiyemfahamu, kutoka Bujumbura, amezipakua na anamuuliza jinsi alivyokausha magome.

Amemjibu siku hiyo hiyo.